Brashi moja, nyuso sita

Najua kimya kimekuwa kirefu. Mara testi, mara asaimenti ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mtu mmoja (na mtu huyo ni mimi, teh teh), mara maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Ila wiki hii nimepigiwa simu moja iliyonikumbusha jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata rumeti wangu. Nimeona bora niliandike, manake najua humu kuna dada zangu kibao (na kaka wawili, nawajua) wanaopamba watu wikiendi ili bumu likikata maisha yaendelee. Chukueni chai kabisa, leo ni ndefu.

Kwa wageni: mimi nasoma ualimu, niko mwaka wa tatu. Siku za wiki nipo hosteli. Ijumaa jioni nagombania gari mpaka Mbezi, nashuka, nadandia la Kibamba, naenda kulala kwa mama mdogo Gogoni. Zamani ukimwambia mtu unakaa Kibamba anakuuliza, "Hiyo bado ni Dar au ndo Pwani?" Siku hizi wamekoma. Barabara ya Morogoro imepanuliwa, tumetolewa Kinondoni tukawa Manispaa ya Ubungo, na ofisi zenyewe ziko hapo Luguruni, jirani kabisa. Kumbi za sherehe nazo zimeota kama uyoga. Jumamosi haipiti bila sendofu, kitchen party, kipaimara au mahafali ya kidato cha nne. Hao wote wanataka sura. Hapo ndipo mimi nilipoingia.

Nilianza mwishoni mwa 2023, mwaka wa kwanza. Nilikuwa najipamba mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu, wasichana wa hosteli wakaanza kunigongea mlango. Buku mbili, buku tatu, mwingine ananilipa kwa chipsi yai. Nikajiona fundi. Nikaenda Kariakoo na sehemu ya bumu, nikanunua faundesheni tatu, poda, paleti ya rangi za macho, maskara moja, brashi seti moja, sponji mbili. Nikatia kwenye begi la laptopu. Laptopu yenyewe sikuwa nayo, begi nilikuwa nalo. Biashara ikafunguliwa rasmi, mgeni rasmi akiwa mimi!

Sasa kisa.

Januari 2024 mama mmoja pale Kibamba, anasali na mama mdogo, aliniita nimpambe binti yake kwenye sendofu. Bibi harusi na wapambe watano. Akaniuliza, "Mwanangu, utatufanyia shilingi ngapi?" Jamani, sikuwa na jibu. Sikuwahi kupiga hesabu hata siku moja. Nikamkumbuka dada wa hosteli ya jirani anayepamba, nikachukua bei yake, nikaigawa kwa mbili, nikasema: bibi harusi 30,000, wapambe 5,000 kila mmoja. Jumla 55,000. Yule mama alikubali haraka mno. Sasa hivi najua kwamba mteja wa Dar akikubali bei bila hata kusema "punguza kidogo", ujue umejikaanga. Akanipa kianzio 30,000 palepale. Mpaka Jumatano kilikuwa kimeshakwisha. Deni la rumeti, kutoa kopi madesa, na viatu. Ndiyo, viatu. Nisiwadanganye.

Mtakumbuka Januari ile. Ndo wakati Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, na Dar ndo ilikuwa imeshikwa hasa. Kwenye daladala kila kiti cha tatu mtu kavaa miwani ya jua saa moja asubuhi. Mtaani watu wanapeana dawa za ajabu, mara chai ya rangi, mara maziwa ya mama anayenyonyesha. Wizara ilikuwa inasema vitu vya kawaida tu: nawa mikono kwa sabuni, usishike macho, usichangie taulo wala vitambaa. Mimi nilikuwa nasoma matangazo hayo kwenye simu, nacheka vichekesho vyake, nasambaza. Halikunijia hata kidogo kwamba na mimi kazi yangu ni kushika macho ya watu.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikafika Hondogo kwenye nyumba ya sherehe. Nikaanza na wapambe wawili, nikafuatia bibi harusi kwa sababu mpiga picha alishafika anamtaka. Wa tatu katika wapambe akaja amevaa miwani. Akaivua. Jicho la kulia jekundu, linachuruzika machozi, kwenye kona kuna tongotongo. Nikamuuliza, "Dada, hilo jicho vipi?" Akasema, "Mchanga tu wa bodaboda."

Mchanga! Mimi nilijua siyo mchanga. Na yeye alijua kwamba najua. Lakini alikuwa ameshashonewa gauni, na mimi nilikuwa nimeshakula kianzio. Ningesema "sikufanyii macho", ningeitwa mpambaji gani? Ningeambiwa rudisha hela, hela ningeitoa wapi? Nikafuta ile kona na pamba, nikamtia rangi, nikachomeka brashi ya maskara kwenye kichupa, nikampaka kope, nikairudisha brashi ndani ya kichupa. Wapambe wawili waliobaki wakafuata kwa brashi ileile. Na mwishoni kabisa bibi harusi akarudi kwangu, alikuwa ameshalia kidogo kwa furaha, akaomba nimrekebishe kope. Nikamrekebisha. Brashi ileile.

Saa saba mchana nimemaliza. Wamependeza, wallahi. Picha ziko mpaka leo.

Jumatatu simu ya mama mdogo: wapambe wawili macho hayafunguki. Jumanne: bibi harusi. Na harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Niseme ukweli wote. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni mimi. Mji mzima ulikuwa unaumwa, walilala chumba kimoja, walifutana machozi kwa kitambaa kimoja. Huo ndo utetezi nilioutumia kichwani kwa miaka miwili. Lakini nilichofanya mimi nakijua.

Alhamisi yule mama alikuja kwa mama mdogo, nikaitwa kutoka chuo. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa, akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ile brashi ya machoni ulikuwa unaiosha?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaniangalia. Akasema, "Haya." Akanywa maji, akaaga, akaondoka. Sijawahi kupata sifuri kwenye mtihani wowote wa chuo hiki, ila siku ile niliipata.

Nikaja kusikia kilichotokea siku ya harusi. Walimpeleka binti saluni moja mjini. Mpambaji wa huko alipomwona tu akasema, "Uso nitakufanyia, macho siyagusi. Na vifaa vitakavyokugusa leo havimgusi mwingine mpaka vioshwe." Bei hakupunguza hata mia. Binti akaolewa kavaa miwani myeusi kanisani, mpaka leo albamu iko hivyo. Watu wakasema ni mtindo. Mimi kilichoniuma siyo miwani. Ni kwamba yule dada wa mjini aliweza kusema "siyagusi" na mimi sikuweza. Nikawa najiuliza, yeye ana roho nzuri kuliko yangu? Nikakaa na kalamu, nikapiga hesabu ya kazi ile ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Hii hapa:

Kope za bandia jozi 6 kwa 1,500: 9,000.
Gundi ya kope: 3,000.
Bodaboda na daladala: 5,000.
Sponji mpya moja: 2,000.
Vipodozi vilivyotumika, kwa kukadiria: 15,000.
Sabuni: 0.
Spiriti: 0.
Brashi za maskara za kutupa: 0.

Jumla 34,000. Nilibakiwa na 21,000 kwa saa nane za kusimama, yaani kama 2,600 kwa saa. Lakini angalieni zile sifuri tatu. Bei yangu haikuwa na sabuni ndani yake. Yule dada wa mjini siyo malaika, ila bei yake ilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Yangu haikuwa nayo. Nilijiona namhurumia mteja kwa bei ya chini, kumbe ile gharama niliyoikwepa haikupotea, aliilipa mtu mwingine kwa jicho lake.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia leo. Mengine yote ni maelezo yake. Lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu mtarajiwa, siwezi kuondoka bila kufundisha, teh teh. Kwa hiyo haya ndiyo ninayofanya sasa.

Kwanza USAFI, kwa sababu ndo unaozaa bei.

Mikono kwanza, maji na sabuni mbele ya mteja, aone. Maskara: brashi ya kutupa, jicho moja brashi moja, ikishagusa kope hairudi kichupani. Nikitaka kuongeza nachukua nyingine. Kichupa chenyewe kikifika miezi mitatu kinakwenda jalalani hata kama kimebaki nusu. Inauma, lakini kinakwenda. Faundesheni, krimu na lipstiki: nakwangua kidogo kwa kijiko bapa, naweka kwenye kisahani, nachukulia hapo. Lipstiki haigusi mdomo wa mtu moja kwa moja, manake vile vidonda vya mdomoni vinaambukiza hata kabla havijaonekana vizuri. Wanja wa penseli nauchonga kila mtu mpya, halafu naufuta na spiriti. Sponji ni ya mtu mmoja, akitaka aondoke nayo. Sponji inashika maji ndani, hata ukiosha vipi kwa haraka ya sherehe haikauki.

Brashi naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nywele zikitazama chini, halafu nazilaza. Msizisimamishe kwenye kikombe zikiwa na maji, yanashuka kwenye shina, gundi inaachia, brashi inaanza kunyonyoka usoni kwa mtu. Na kwa joto letu hili lenye unyevu, brashi nene haikauki chini ya usiku mzima. Maana yake seti moja haitoshi kwa watu sita. Na tuache kupuliza brashi kwa mdomo, jamani! Poda inaruka, mate yanabaki.

Mwenye jicho jekundu au kidonda mdomoni sehemu hiyo siigusi. Nasema mapema, wakati wa kuchukua oda, siyo saa mbili asubuhi gauni likiwa limeshavaliwa.

Na ngozi inayojikuna nayo tuiheshimu. Mteja mpya nampaka kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa mkono siku moja au mbili kabla. Hasa hasa kwenye piko. Hina yenyewe ya majani ni tulivu, ila ile nyeusi ya haraka mara nyingi imechanganywa na dawa ya kupaka nywele, na ile dawa inaweza kuchoma mtu mpaka akabaki na alama ya ua mkononi kwa miezi. Wengine wenye kutumia mkorogo ngozi imekuwa nyembamba, hata faundesheni ya kawaida inawawasha. Usimwaibishe mtu mbele ya mashoga zake, muulize pembeni kwa upole anapaka nini, akujibu.

Halafu Kariakoo. Mimi mwenyewe nimeshauziwa chupa yenye jina kubwa la Marekani kwa bei ya nusu soda na maandazi. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, kabla ya hapo vilikuwa TFDA. Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini. Geuza chupa usome: nani katengeneza, toleo namba ngapi, mwisho wa kutumika lini. Ukikuta neno "calomel" au lolote lenye "mercur" ndani yake, hiyo ndo zebaki imevaa baibui. Rudisha.

Pili BEI.

Mwalimu huwezi kuingia darasani bila andalio la somo. Lina muda, lina zana, lina shughuli za mwalimu na za wanafunzi. Nikaona kwa nini nisiandike andalio la kila uso? Kwa mpambe mmoja, hesabu yangu ya sasa iko hivi:

Brashi 2 za kutupa: 600.
Kope: 2,000.
Sponji: 1,500.
Pamba, spiriti na sabuni: 1,000.
Vipodozi: 5,000.
Usafiri, mgao wake: 2,000.
Saa moja na nusu ya kupamba, 5,000 kwa saa: 7,500.
Nusu saa ya kuosha vifaa nikirudi: 2,500.
Akiba ya kununua vifaa vipya: 2,900.

Jumla 25,000. Bibi harusi 50,000, kwa sababu naye tunafanya jaribio siku moja kabla na muda wake ni mara mbili. Siwaambii mtumie namba zangu. Wa Masaki atacheka, wa kwetu atashtuka. Nawaambia mtumie karatasi. Ukishaandika, mteja akisema ghali, unajua unatetea nini.

Na kianzio hakiliwi! Nimekitengea laini yake ya simu, na ile laini naiacha kwa mama mdogo. Kianzio ni hela ya mteja mpaka siku ya kazi. Ukishakila umepoteza uwezo wa kusema hapana, na mpambaji asiyeweza kusema hapana ni hatari kuliko brashi chafu.

Tatu MAKARATASI. Hapa najua wengi mnataka kufunga ukurasa. Vumilieni.

Nilikuwa naona leseni ni ya watu wenye fremu na kioo kikubwa. Halafu nikafikiri: yule mama alinipata kwa sababu ya mama mdogo. Angekuwa mgeni angenitafuta wapi? Mimi nilikuwa begi na namba ya simu tu. Bibi zetu wa mwambao bibi harusi alipambwa na somo wake, liwa, hina, udi, kila kitu. Hakuwa na cheti ukutani. Lakini mtaa mzima ulijua nyumba yake, mambo yakiharibika watu wanakwenda kupiga hodi. Mimi kwangu hiyo ndiyo maana ya leseni: watu wajue pa kupiga hodi.

Kwa hiyo. TIN inatolewa na TRA bure, ukiwa na namba ya NIDA. Atakayekuomba hela ya TIN ni yeye na njaa zake. Jina la biashara: ukitumia jina lako halisi tupu, sheria haikulazimishi kulisajili. Ukishaongeza "Byuti", "Glamu" na manjonjo mengine, unalisajili BRELA. Leseni ya biashara ya ukubwa wetu ni ya halmashauri, kwetu sisi Luguruni, na maombi yanajazwa kwenye mfumo wa Tausi. Ugumu wangu ulikuwa kwenye eneo la biashara. Eneo langu ni begi! Nilichofanya ni kuongea na dada mmoja msusi hapa Kibamba, akanikodisha kiti kimoja kila Jumamosi kwa 10,000, tukaandikishana. Sasa nina anwani, na maji ya bomba ya kuoshea brashi. Maombi nimeshajaza, nasubiri.

Kodi nayo inatutisha bure kwa sababu hatuandiki. Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka hivi: mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka, hakuna kodi ya mapato ya makadirio. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu alipangiwa 100,000. Mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Fanya mfano: umeuza milioni 5. Mwenye daftari ni 30,000, asiye na daftari 100,000. Daftari lenyewe buku! Kabla hujalipa uliza TRA viwango vya mwaka huo, ila daftari anza leo. Na wale waliokuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 kilichoanza Desemba 2018, kilikuwa ni kwa hao hao wa chini ya milioni 4. Kwa hiyo serikali ilishajua tupo, sisi ndo tulikuwa hatujajua.

Ila msijidanganye. Leseni ya biashara haikupimi kama unajua kuosha brashi. Afisa afya anaweza kuja kukagua saluni, lakini hatakuwepo Hondogo saa kumi na moja alfajiri. Hapo upo wewe, kichupa, na dada mwenye "mchanga".

Sasa ile simu.

Jumanne iliyopita namba ngeni. "Hujambo mwanangu, umenisahau?" Sauti niliijua kabla hajamaliza. Yule mama. Binti yake mdogo ana kitchen party, anataka nimpambe yeye na wapambe wanne. Nikabaki mdomo wazi. Nikasema nitakuja kwako tuongee, mama.

Ijumaa nikaenda. Njia nzima kutoka Mbezi nafanya mazoezi kama naingia darasani kufundisha kwa mara ya kwanza. Ningeweza kunyamaza tu. Ameshanisamehe, au ameshasahau, kwa nini nichokonoe? Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi haya yangu nimeyaficha miaka miwili. Alipomaliza kunikaribisha nikamwambia, "Mama, ile siku uliniuliza kama naosha ile brashi. Nilikudanganya. Sikuiosha. Na nilimwona yule dada jicho lake linaumwa, nikampaka, nikaendelea na wengine. Naomba unisamehe."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nilijua. Ulijibu haraka mno." Halafu akasema, "Sasa nilikuwa nangoja nione utakuja kusema lini. Ningekuwa sijakuita ungesema?"

Nikamwambia ukweli: sijui, mama.

"Haya. Angalau hilo hujanidanganya." Akamwita binti alete chai. "Sasa niambie, utatufanyia shilingi ngapi?"

Nikatoa karatasi yangu. Bibi harusi 50,000, wapambe wanne 100,000, jumla 150,000. Wadau, yule mama alipiga yowe mpaka jirani akachungulia! "Laki na nusu? Si mlikuwa watu sita kwa elfu hamsini na tano?" Nikamwonyesha mstari kwa mstari. Akavaa miwani yake ya kusomea, akapitia kama anasahihisha mtihani. Akasema wapambe hawahitaji kope za bandia, Mungu kawapa zao. Tukatoa 8,000. Akasema mwanae ana bajaji atakuja kunichukua na kunirudisha. Tukatoa usafiri wa wote watano, 10,000. Ikabaki 132,000. Kidole chake kikafika kwenye mstari wa pamba, spiriti na sabuni. Kikasimama hapo. Mimi nimebana pumzi.

Akasema, "Huu uache."

Kanipa kianzio 66,000. Kipo kwenye laini ya mama mdogo, sijakigusa. Kitchen party ni Jumamosi ijayo. Yule binti mkubwa naye atakuwepo, na yeye bado sijamwomba msamaha, mama yake kaniambia hilo ni langu mimi na yeye. Kwa hiyo niombeeni, siyo kwa ajili ya kope.

Wapambaji wenzangu, wikiendi hii kabla hamjatoka fungueni begi, mhesabu brashi, na mwandike bei yenye sabuni ndani. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye swali aulize, tusaidiane. Mimi narudi kwenye maandalio ya somo, Jumatatu nakaguliwa.

Nawakilisha. Tupo pamoja!